Breki za Bihogo

Juni 3, Jumanne

Inatangazwa kwa wote, walio hai na watakaozaliwa, kwamba leo asubuhi, hapa Kamuli, mbele ya mashahidi wawili (mke wangu Dafroza, na mbuzi), pedali ya breki ya kushoto ya trekta la Melkiory, yaani mimi, imetiwa oili. Imeacha kulia. Shughuli ilifungwa kwa uji.

Trekta lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mtumba. Nimelitoa kwa mfanyabiashara mmoja wa Bukoba aliyekuwa akilitumia kukatia nyasi kwenye kiwanja chake, tambarare kama meza. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa lina rangi ya yule ng'ombe wa kahawia tunayemwita bihogo, kwa hiyo jina lilijipa lenyewe. Bihogo ana pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya gurudumu la kulia, na kikomeo kidogo cha kuzifunga pamoja ziwe moja. Wajapani waliona mbali: kuna siku mtu atataka kusimamisha nusu ya trekta.

Sababu ya kumnunua ni nyonga yangu. Shamba la bondeni, alilolifyeka marehemu baba, lina kahawa bora kuliko hii ya juu, ila kule ukungu hauondoki mpaka karibu adhuhuri na kahawa haikauki. Lazima ipandishwe mbichi, ije ianikwe uani kwetu. Mwaka jana niliipandisha kwa kichwa na nyonga ikagoma. Juzi Dafroza alitoa hukumu.

"Baba Noela, kahawa ya bondeni ikipanda yote kabla ya mvua za Septemba, shamba libaki. Isipopanda, tunamkodishia Anastazi, na wewe unakaa kwenye kiti kama wenzako."

"Wenzangu wapi?"

"Wenye nyonga."

Juni 5

Anastazi Bigirimana ni jirani yetu wa chini. Wazazi wake walitoka Burundi, wakalima kwa watu mpaka wakapata pao. Yeye analima pao na pa watu. Njia ya trekta inatoka uani kwangu, inateremka imenyooka katikati ya migomba, inafika mlangoni kwake, na hapo ndipo inakata kushoto kuingia shamba la bondeni. Leo alipanda kunisalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Wazima. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mbuzi?"

"Wazima."

"Breki?"

Nilisita. Salamu zetu ni ndefu, lakini breki hazijawahi kuwemo.

"Nzima," nikasema.

"Nashukuru," akasema, akateremka polepole kama mtu aliyetoka kumwona mgonjwa.

Mtu anayelitaka shamba lako haulizi habari za shamba. Anauliza habari za breki.

Juni 9, Jumatatu

Safari ya kwanza bondeni, na tela tupu. Nilifunga kikomeo, nikakanyaga pedali zote mbili, na Bihogo akageuza kichwa kushoto kama ng'ombe aliyeona majani ya jirani. Maana yake breki ya kushoto inashika mapema kuliko ya kulia. Chini ya kila pedali kuna fimbo ya chuma, na kwenye fimbo kuna nati. Ukiikaza, breki inawahi. Nimekaza kulia.

Juni 10

Amegeukia kulia. Nimekaza kushoto.

Juni 12

Kushoto. Nimekaza kulia.

Juni 13

Kulia kidogo. Nimekaza kushoto kidogo.

Juni 16

Kushoto. Dafroza ameuliza kama nati haina mwisho. Nimemwambia kila kitu kina mwisho. Akasema hilo ndilo analoliogopa.

Anastazi alipita. Breki? Nzima.

Juni 18, Jumatano

Leo amenyooka kama mshale. Nikampigia simu fundi Jovitus wa Nkwenda, aliyenitafutia trekta, ili na yeye afurahi.

"Shikamoo, mzee. Bado linavuta upande?"

"Halivuti. Limenyooka."

"Breki inashika?"

"Inashika sana."

"Basi ni nzima hiyo. Chapa kazi."

Nimechapa kazi. Magunia manne yamepanda. Dafroza aliyaangalia bila kusema kitu, na kwa Dafroza huko ni kupiga makofi.

Juni 23

Niseme kuhusu maegesho, maana watu wanauliza. Betri ya Bihogo ni dhaifu. Asubuhi inakohoa tu. Kwa hiyo jioni namwegesha ukingoni mwa uwanja, ameangalia bondeni, nimemfunga breki ya mkono na kumwekea jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi naondoa jiwe, naachia, anaanza kubingirika, naingiza gia, anawaka. Ni utaratibu mzuri usiokula umeme wa mtu.

Jana niliweka jiwe moja. Leo asubuhi yalikuwa mawili.

Juni 29, Jumapili

Misa ilikuwa ndefu. Mawe ni matatu. Nimemuuliza Dafroza, akasema yeye mawe yake yako jikoni yanabeba chungu.

Julai 2

Bihogo amekuwa mzito. Akipanda na magunia ananguruma kama anayebeba kanisa, na dizeli inakwisha mbio. Nimekagua chujio, safi. Labda ni mwinuko, labda ni umri. Vyote viwili navifahamu.

Ila nimegundua dawa. Wakati wa kuteremka natoa gia kabisa, namwacha fri, ili nirudishe mafuta aliyokula wakati wa kupanda. Hakimbii hata kidogo. Anateremka polepole, kwa heshima, kama bibi harusi anayeingia kanisani. Breki zangu ni nzuri kiasi kwamba hata sizikanyagi.

Julai 7, Saba Saba

Sikukuu. Anastazi alikuja na mkungu wa ndizi tamu na swali lake. Nikamjibu kwa kirefu safari hii: kwamba breki ni nzima, kwamba nina afya, na kwamba shamba la bondeni litapata mbolea mpya wiki mbili zijazo, mikono ileile, mwenyewe yuleyule. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mbolea utaiteremsha kwa trekta?"

"Kwa nini nisiteremshe?"

"Nauliza tu, mzee. Tela likijaa linakuwa zito."

Baada ya kuondoka nikamwambia Dafroza: "Umeona anavyopima?"

"Nimeona ameleta ndizi," akasema.

Julai 11

Kuna harufu ya nywele zilizoungua. Nimekagua nywele.

Julai 17

Harufu bado. Magunia yaliyopanda sasa ni zaidi ya nusu ya makadirio. Kiangazi kimekaza, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari, usiku baridi inauma nyonga. Mawe mbele ya gurudumu ni matano. Kila asubuhi nayatupa pembeni, kila asubuhi yamerudi.

Julai 24, Alhamisi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mchana nilijaza tela samadi, mpaka juu. Nikaondoa mawe, nikamwasha Bihogo, nikatoa gia kama kawaida, tukaanza kuteremka. Mpaka mgomba wa kumi hivi alikuwa bibi harusi. Kisha akawa bibi harusi aliyesahau kitu nyumbani. Nikakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, mguu wangu ukagota, na trekta halikujali. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikasimama juu ya pedali kama mtu anayechungulia ukuta. Moshi ukatoka kwenye magurudumu ya nyuma. Nikajaribu kurudisha gia. Ikapiga kelele na kukataa.

Mtu hufikiri atawaza mambo makubwa. Mimi niliwaza kwamba mlango wa Anastazi umepakwa rangi ya buluu na sikuwahi kuiona vizuri. Niliiona vizuri. Nikaona na kuku amesimama kizingitini anaamua aende upande gani. Kukata kushoto kwa mwendo ule, na tela lile, ilikuwa ni kupinduka. Nikakata kulia, nikaingia kwenye migomba yake.

Mungu aliumba mgomba kwa maji, na leo nimejua kwa nini. Ulianguka wa kwanza, ukaanguka wa pili, kila mmoja ukinipunguzia mwendo kidogo na kunikabidhi kwa mwenzake. Bihogo akasimama, pua yake imebakiza kama urefu wa jembe kuufikia ukuta wa nyumba. Samadi ilikuja mbele kunisalimia.

Vestina, mke wa Anastazi, alitoka jikoni kwake akiwa na mtoto mgongoni.

"Baba, umeumia?"

"Hapana."

Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Umekuja na samadi," akasema.



Anastazi akaja mbio kutoka shambani. Akaangalia trekta, akaangalia ukuta, akamwangalia mke wake na mtoto. Akaokota jiwe kubwa, akaliweka mbele ya gurudumu, akaligonga kwa kisigino likae sawasawa. Alivyoligonga, nikafahamu mawe ya uani kwangu yalikuwa yanatoka wapi.

Waliniingiza ndani ninywe maji. Chumba cha upande ule, cha kulala, kilikuwa kitupu. Kitanda kimefunguliwa, mbao zake zimeegemezwa ukutani.

"Mnahama?" nikauliza.

"Tunalala jikoni, baba," Vestina akajibu. "Tangu trekta lije."

Jiko lao ni kibanda cha nje, upande wa pili wa nyumba, mbali na njia.

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hawaaniki maharage barabarani.

"Chumba kimeangaliana na trekta lako. Na wewe unaliegesha limetuangalia."

Nikamgeukia Anastazi. "Si ungeniambia?"

"Nilikuwa nakuambia kila siku, mzee. Unanijibu nzima."

Maji yalikuwa ya baridi na nikayanywa yote ili nisiongee.

Katika kurasa za nyuma nimeandika mambo fulani kuhusu Anastazi na shamba. Siyafuti. Yakae pale yaone aibu yenyewe.

Julai 25, Ijumaa

Simu kwa Jovitus. Nimeweka sauti ya juu ili Dafroza, aliyekuwa akimenya ndizi, asije akadai nimeficha kitu.

"Fundi, breki zimekataa."

"Si ulisema zinashika?"

"Zilikuwa zinashika. Jana zimeacha."

Dafroza akasema bila kuinua kichwa: "Muulize zinatakiwa kushika wakati gani."

"Nini?"

"Wakati gani. Hizo zako zilikuwa zinashika hata wewe umekaa unakula. Mimi mwezi mzima naanika vitambaa karibu na magurudumu ukirudi tu. Vinakauka kuliko juani."



"Mzee," Jovitus akasema, "zilikuwa zinashika hata usipokanyaga?"

"Wakati wote. Ndiyo maana nilizipenda."

"Hiyo siyo kushika, mzee wangu. Hiyo ni kung'ang'ania. Breki ukikanyaga inashika, ukiachia inaachia. Yako ilikuwa haiachii. Imejisugua mwezi mzima, imepata moto, sasa imekuwa kioo. Kioo hakishiki kitu."

"Lakini wewe uliniuliza inashika, nikakwambia inashika."

"Na mimi nikasikia inashika."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wazee wawili (yeye bado kijana, lakini siku ile alizeeka) waliongea Kiswahili kilichonyooka, hakuna aliyedanganya, na nyumba ya mtu ikabakiza urefu wa jembe.

Halafu akauliza ni mara ngapi nililegeza nati. Nikamwambia kulegeza hakukuwa kwenye mpango.

Julai 26, Jumamosi

Anastazi alikuja bila kuitwa, amevaa suruali ya kazi. Tulimvuta Bihogo hadi uani kwa kamba na vijana wa kitongoji, tukamwelekeza ukuta wa ghala, tukainua magurudumu ya nyuma kwa jeki na kuweka magogo chini. Jovitus alikuwa kwenye simu, mimi nikifungua.

Ndani ya ngoma ya gurudumu kuna zile bitana ngumu zinazobana ili gurudumu lisimame. Zilikuwa zinang'aa. Niliweza kujiona kidogo, sikupenda. Tukazisugua kwa msasa mpaka zikafubaa, tukafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, tukarudishia.

"Sasa legeza nati zote mbili," Jovitus akasema, "mpaka magurudumu yazunguke kwa kidole. Halafu kaza kidogo kidogo. Likianza kusugua, rudi nyuma kidogo. Pedali inatakiwa icheze vidole viwili kabla ya kushika, kulia na kushoto sawasawa."

"Vidole vya nani?"

Salio likaisha.

Hapo kazi ikasimama. Vidole vya Anastazi viwili ni vitatu vyangu. Akasema vitumike vyake, kwani nyumba ni yake. Nikasema trekta ni langu. Dafroza akatoka na bakuli la maharage, akasikiliza kesi, akaweka bakuli chini na kuingiza vidole vyake chini ya pedali.

"Hapa," akasema.

Vya Dafroza vikapita. Kulia vidole viwili vya Dafroza, kushoto vidole viwili vya Dafroza. Anastazi akashika gurudumu moja, mimi la pili, Dafroza akapanda kitini kukanyaga. Akikanyaga, magurudumu yanakufa. Akiachia, yanazunguka. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nafikiri alikuwa anafurahia.

Akiwa juu pale akauliza: "Anastazi, niambie ukweli. Wewe shamba la bondeni unalitaka?"

"Mama, nilitakie nini? Kahawa yake nitaipandisha na nini? Trekta sina."

Nikainama kutafuta spana niliyokuwa nimeishika.

Julai 28

Jaribio uani, kwenye vumbi, gia ya kwanza. Nikakanyaga ghafla. Alama mbili nyuma, ya kushoto ndefu kuliko ya kulia: kushoto bado inawahi. Nimelegeza kushoto. Narudia kuandika kwa ajili ya vizazi: nimelegeza.

Julai 30

Alama sawa.

Betri nimeipeleka Nkwenda kuchajiwa. Bihogo sasa analala ameangalia ghala.

Agosti 2, Jumamosi

Na tela tupu nimeteremka mara mbili, gia ya chini, bila fri. Salama. Lakini tela tupu siyo ushahidi. Nikamwambia Anastazi leo nateremka na samadi, awatoe watu wake.

"Watu nitawatoa," akasema. "Mimi nitasimama mlangoni."

Dafroza akasema: "Anastazi, una watoto wewe."

"Ndiyo maana nataka kuona, mama."

Akateremka, akalaza jembe lake njiani, mbele kidogo ya kizingiti. "Mzee, ukivuka jembe umeingia kwangu." Kisha akasimama kwenye mlango wa buluu, mikono nyuma.

Nimeendesha mambo mengi, pikipiki, baiskeli ya mizigo, hata kikao cha ukoo, lakini sijawahi kuendesha taratibu kama leo. Gia ya chini kabisa, kikomeo kimefungwa, mguu juu ya pedali bila kukanyaga. Nilikuwa naisikia ile nafasi ya vidole viwili vya Dafroza chini ya kiatu. Nikamwona Anastazi anakua kila nilivyomkaribia. Kwenye mgomba wa mwisho nikakanyaga. Pedali ikashuka, ikakuta kitu, na Bihogo akasimama. Tela likasukuma kidogo, likatulia. Jembe lilikuwa mbele yangu, halijaguswa.

Anastazi hakutabasamu. Akaliokota, akapanda nalo kilima, akalilaza juu zaidi, mahali ambapo mteremko ni mkali.

"Tena," akasema.

Tukarudia. Akalihamisha. Tukarudia. Mwisho akaliweka begani, akaja kusimama karibu na gurudumu, akaweka kiganja kwenye chuma kuona kama kina moto.

"Zinaachia?" akauliza.

"Zinaachia."

"Haya," akasema, akaenda kulima.

Agosti 8, Nane Nane

Magunia matatu.

Agosti 12

Manne. Anastazi alipita. Aliuliza habari za nyonga.

Agosti 15, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria

Tumepumzika wote, na Bihogo. Migomba niliyoiangusha kwa Anastazi nimeilipa kwa machipukizi kutoka kibanja changu, shamba la nyumbani, nikayapanda mwenyewe. Vestina alisimama akiangalia, akaniambia nimepanda moja karibu mno na njia. Nikaling'oa.

Agosti 26

Mawingu upande wa Bweranyange. Hayakuja.

Septemba 4

Mzigo wa mwisho umepanda leo alasiri. Shamba la bondeni limebaki majani matupu. Dafroza akakagua uani, kahawa imetandazwa kutoka ghalani mpaka kwenye zizi la mbuzi, akakunja mikono.

"Libaki," akasema.

Septemba 9

Mvua ya kwanza, asubuhi, kubwa. Kahawa ilikuwa imeshaingia ghalani.

Septemba 14, Jumapili

Baada ya misa nikateremka kwa miguu, kwa fimbo, nimevaa koti. Nilikuwa na jambo rasmi. Njiani nililipanga: kwamba msimu umekwisha, kwamba breki zimekaguliwa na kupimwa mbele ya mwenye nyumba mwenyewe, kwamba trekta linalala limeangalia ghala, na kwamba mimi, Melkiory, kwa kinywa changu, nawaomba radhi na kuwaomba warudi kulala ndani ya nyumba yao kwa amani.

Nikawakuta jikoni, wanakula. Wakanipa kigoda. Nikasema yote, hata sehemu ya radhi, ambayo ilitoka nzito kidogo. Anastazi akasema hakuna neno, mzee, mambo hayo yamekwisha. Lakini nilipopita mlango wa nyumba nilikuwa nimeona ndani mbao za kitanda bado zimeegemezwa ukutani.

"Kwa hiyo breki bado hamziamini," nikasema.

"Tunaziamini, baba," Vestina akasema. "Tangu siku ile ya jembe."

"Sasa mbona bado mnalala huku?"

Akasukuma kuni motoni.

"Kuna joto."